Maandishi ya dhahabu kwenye jengo la kale: yanapofifia, kubadilika rangi au kubanduka

Dhahabu husingiziwa mengi. Mwenye nyumba akiona herufi za juu ya mlango zimepooza au zinadondoka vipande, neno lake la kwanza ni kwamba aliuziwa dhahabu mbovu. Mara chache huwa kweli. Dhahabu ya karati 23 na zaidi (karati ni kipimo cha usafi wa dhahabu) haishiki kutu, haidhuriwi na chumvi ya bahari, wala jua haliipaushi. Kinachoharibika ni kilicho chini yake: gundi, rangi, mbao, ukuta, au maji yanayopita nyuma ya vyote hivyo. Ndiyo maana kosa hutafutwa kuanzia juu kwenda chini, na mara nyingi safari hiyo huishia kwenye maji.

Ninayoyaeleza ni maandishi ya nje kwa njia ya kale. Herufi huchorwa kwa gundi ya mafuta ya kitani. Gundi ikifikia kunata, hulazwa juu yake karatasi ya dhahabu yenye unene wa karibu sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, kisha husuguliwa polepole kwa pamba. Mifano yangu ni ya majumba ya mawe ya matumbawe na chokaa ya Unguja, Lamu na Mombasa: ubao wa jina juu ya duka, aya au mwaka wa Hijria uliochongwa kwenye kizingiti cha juu cha mlango, jina la jengo kwenye ukuta. Aliye Arusha au Nairobi atapunguza habari za chumvi. Mengine ni yale yale.

Kabla ya kugusa chochote, piga picha za herufi zote kwa karibu, asubuhi, mwanga ukiwa unatoka ubavuni, maana mwanga wa namna hiyo huonyesha kila mwinuko. Kisha weka karatasi ya kunakilia na uchore mzingo wa kila herufi. Mafundi wengi huiruka hatua hii kwa kuwa mteja ana haraka, na ndiyo sababu mitaani kuna majina mengi ya zamani yaliyorudishwa kwa mwandiko wa kompyuta. Mwisho, okota kipande chochote kilichodondoka ukitie kwenye bahasha. Kipande hicho kina majibu mengi kuliko fundi aliyetangulia.

"Ni mpya kabisa, mbona haing'ai?"

Sababu ya kawaida ni kwamba dhahabu imezama. Karatasi ililazwa wakati gundi bado mbichi, mafuta yakapanda juu, na uso ukabaki kama rangi ya njano ya dukani. Chagua pembe ya herufi isiyoonekana kwa urahisi, gusa kwa pamba bila kukandamiza. Pamba ikinasa au uso ukibonyea, gundi iko mbichi. Usisugue ukidhani mng'ao utakuja. Utaifuta dhahabu yote. Iache ikauke wiki moja au mbili, halafu paka gundi mpya nyembamba juu yake na ulaze dhahabu upya.

Namna ya kujua wakati umefika haijabadilika tangu zamani: gusa gundi kwa kifundo cha kidole, si kwa ncha. Ngozi iking'ang'ania kidogo na kuachia kwa mlio mdogo, bila alama kwenye gundi wala mafuta kwenye kidole, laza. Ikiacha unyevu kwenye ngozi, subiri. Isiposhika kabisa, umechelewa. Lakini usiijaribie kwenye herufi zenyewe. Paka gundi ile ile, saa ile ile, kwenye kipande cha ubao chenye rangi ile ile, kiweke kando ya kazi, ukiguseguse hicho.

Na usiamini sana saa zilizoandikwa kwenye kopo. Kuna gundi za saa 3 na za saa 12, lakini saa hizo zilipimwa kwenye hali ya hewa isiyo yetu. Joto la Februari hufupisha muda, unyevu wa masika huurefusha, na ubao unaopigwa na jua upande mmoja na kivuli upande wa pili unaweza kuwa tayari kwenye herufi ya kwanza huku ya mwisho ingali mbichi.

Sababu ya pili ni gundi nene. Ilipakwa kama rangi, kwa brashi iliyojaa, na juu ikafanya ngozi huku ndani ikiwa maji. Dalili yake ya ziada ni mikunjo midogo, hasa chini ya herufi au ndani ya mfuo wa herufi iliyochongwa, mahali gundi inapotuama. Hapo hakuna kiraka kinachofaa. Kwangua sehemu iliyokunjamana baada ya kukauka, lainisha kwa msasa laini wenye maji, anza upya. Gundi ivutwe hadi iwe nyembamba kadiri brashi inavyoweza, na uitie tone la rangi ya mafuta ya njano ili uone ulipopita. Kwa kazi hiyo epuka njano ya kromu, kwa sababu ina madini ya risasi.

Ya tatu ni umande. Anayetumia gundi ya saa 12 hupaka jioni ili alaze dhahabu asubuhi, na usiku umande hutua juu ya gundi, ikaamka na ukungu mweupe. Mbu nao hutua. Dawa ni kuushusha ubao na kuufanyia kazi karakanani. Isipowezekana, tundika turubai mbele yake bila kuugusa. Gundi ya saa 12 hutoa mng'ao mzuri zaidi, hilo halina ubishi. Lakini kwenye ubao usioshuka, katika uchochoro wenye vumbi na pikipiki, mimi huchukua ya saa 3, nikapaka asubuhi umande ukishakauka, na kulaza kabla upepo wa alasiri haujaanza. Mng'ao kidogo unapotea, mchanga hauingii.

Ukikuta yote hayo ni salama, tazama rangi ya chini. Kama haina mng'ao na inanyonya, imekunywa gundi yako. Herufi zikae juu ya rangi ya mafuta yenye mng'ao, iliyokauka siku kadhaa na kulainishwa kwa msasa.

"Imegeuka kahawia, kijani, karibu nyeusi"

Hapa ndipo malalamiko ya kuuziwa dhahabu mbovu huwa na nafasi. Kinachokutwa mara nyingi ni dhahabu bandia, yaani shaba na zinki iliyofuliwa nyembamba, au rangi ya unga wa shaba iliyopakwa kwa brashi. Vyote viwili hupendeza wiki za mwanzo na huharibika haraka nje, na kwenye hewa ya chumvi haraka zaidi.

Kama kuna karatasi zilizobaki, jaribu hivi. Dhahabu halisi kwa kawaida huja kwenye vijitabu vya karatasi 25 zenye upande wa sentimita 8 hivi; bandia huwa kubwa, kama sentimita 14 au 16. Ile halisi huwezi kuishika kwa vidole: ukiisugua kati ya kidole gumba na cha shahada inapotea ndani ya ngozi. Bandia hukatika vipande na kuchakarisha. Kisha inua karatasi halisi dhidi ya jua: utaona mwanga wa kijani-buluu ukipenya ndani yake. Bandia haipenyezi kitu. Anayetaka uhakika zaidi aache kipande usiku kucha kwenye siki yenye chumvi. Shaba itabadilika, dhahabu haitabadilika.

Ikithibitika ni bandia, hakuna kusafisha kutakakosaidia. Iondolewe yote, na kazi irudiwe.

Kama ni halisi, uliza karati. Dhahabu nyeupe-njano ya karati 18 au chini yake ina fedha ya kutosha kuifanya ififie nje. Kazi ya nje idai karati 23 au zaidi. Tofauti ya bei kwenye kijitabu kimoja inauma, lakini ni ndogo ukilinganisha na gharama ya jukwaa.

Kisha tazama vanishi. Mtu akishalipa fedha nyingi hutaka "kuikinga" dhahabu kwa vanishi, na hilo ndilo kosa ninalolipinga kila mara. Vanishi ya kawaida juani hugeuka njano-kahawia, hupasuka, na inapopasuka huondoka na dhahabu. Ikiachwa wazi, dhahabu nzuri juu ya rangi iliyotengenezwa vyema inaweza kukaa miaka 20 na zaidi. Vanishi iwekwe tu mahali pafikiwapo na mikono, kama kibao cha usawa wa kifua au maandishi ya bawa la mlango, na mwenye jengo aelezwe mapema kwamba itahitaji kupakwa upya kila baada ya miaka michache.

Na huenda ni uchafu tu: moshi wa magari, vumbi, kinyesi cha kunguru. Loweka pamba kwa maji safi yasiyo ya kisima cha chumvi, igandamize juu ya uchafu mpaka ulainike, iinue. Usifute kwenda na kurudi. Usitumie dawa ya kung'arishia shaba kabisa: inakwangua, na kwa unene huu mkwaruzo mmoja ni mwisho wa herufi.

"Ina matundu, na kingo zimechakaa"

Matundu yakionekana siku ile ile, gundi ilirukwa au ilikuwa imekauka mno. Kama bado inanata, hemea juu yake kwa mdomo wazi, laza kipande kingine, bonyeza kwa pamba. Kama imekauka, paka gundi kwenye tundu tu na urudie. Nje kwenye upepo tumia dhahabu iliyogandishwa kwenye karatasi laini. Ile huru itaishia kwenye ndevu zako na kwenye baraza ya jirani.

Dhahabu ikishika nje ya mipaka ya herufi, rangi ya uwanja, yaani ya ubao unaozunguka herufi, ilikuwa haijakauka vizuri au hukuipitishia poda. Unga wa talki au chaki kwenye kifuko cha kitambaa, upigwe juu ya ubao na kupanguswa kabla ya kupaka gundi, humaliza tatizo. Kwa kazi iliyokwisha, rekebisha kingo kwa rangi ya uwanja na brashi nyembamba.

"Inabanduka"

Lete bahasha. Kigeuze kipande kiganjani, utazame mgongo wake kwa kioo cha kukuzia. Mahali tabaka lilipoachana ndipo penye kosa.

Kama mgongoni kuna gundi tu, ya manjano na laini, na ubaoni rangi imebaki nzima inang'aa, gundi haikushika rangi. Sababu ya kwanza ni chumvi na mafuta ya mikono: ubao ulilainishwa jana, usiku hewa ya bahari ikaweka chumvi, asubuhi fundi akapaka gundi bila kuosha. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewani, na unyevu unakaa katikati. Futa kwa kitambaa chenye maji baridi, badilisha kitambaa, futa tena, acha ukauke kabisa, ndipo upake. Sababu ya pili ni rangi ambayo haikupigwa msasa. Ya tatu ni gundi ya zamani iliyofanya utando koponi, au gundi ya maji iliyokusudiwa fremu za picha za ndani. Kuna pia anayejaribu nje ile kazi ya kale ya ndani, ya chokaa laini na gundi ya ngozi. Mvua ya kwanza inaiyeyusha.

Kama mgongoni kuna gundi pamoja na tabaka za rangi, na ubao umeachwa mtupu, dhahabu haina habari. Mbao ilikuwa mbichi, au maji yanaingia. Anza kwa kutazama juu: mfereji wa bati uliotoboka, bomba la kiyoyozi linalodondosha, kizingiti kisicho na mteremko. Halafu tazama ncha za ubao. Mbao hunywa maji kwa ncha kuliko kwa uso, na ncha ndizo husahauliwa kupakwa rangi. Halafu nyuma: ubao uliogandamizwa ukutani hunyonya unyevu wa ukuta wa matumbawe mwaka mzima. Uachiwe nafasi ya sentimita moja hivi hewa ipite, upakwe praima pande zote sita kabla ya kutundikwa, na ushikwe kwa skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Mwenye kipima unyevu asianze kupaka juu ya mbao iliyozidi asilimia 15 au 16. Asiye nacho asubiri kiangazi: Januari na Februari, au Agosti na Septemba. Nimeona kazi nzuri za Aprili, lakini ni bahati.

Msaji una tatizo lake. Mafuta yaliyomo ndani yake hukataa rangi, hata mbao ikiwa kavu na ya miaka mingi. Ifute kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke bila wekundu, kisha paka praima muda mfupi baadaye, kabla mafuta hayajapanda tena.

Kama mgongoni kuna nyuzi za mbao, simama. Bonyeza ubao kwa bisibisi: ikizama bila nguvu, mbao imeoza au imeliwa na mchwa. Hiyo ni kazi ya seremala wa majengo ya kale, na mwenye kutia dhahabu arudi baada yake. Kizingiti cha mlango wa nakshi kikiwa hivyo, usijaze puti ndani ya herufi zilizochongwa. Puti ikishagandamana na mchongo wa zamani, kuitoa ni kuuharibu mchongo.

Na kama kipande ni dhahabu tupu, chepesi hata pumzi inakipeperusha, basi imekwisha muda wake, au imepakwa vanishi iliyoivuta. Paka upya. Upande unaopigwa na kusi moja kwa moja, laza dhahabu mara mbili, ya pili siku kadhaa baada ya ya kwanza kukauka. Herufi zilizochongwa kwa mfuo hudumu kuliko zilizo juu ya ubao bapa, kwa kuwa hakuna tawi wala ngazi inayozigusa ndani.

"Ukutani imeota malengelenge na unga mweupe"

Unga mweupe ni chumvi. Maji yanatembea ndani ya ukuta, yanafika juu, yanakauka, chumvi inabaki na kuusukuma mpako. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua; ukipakwa saruji, maji hutafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni herufi zako. Gonga ukuta kwa kifundo: mlio wa tupu unaonyesha saruji imeachana na ukuta. Kisha bandika kipande cha nailoni cha nusu mita, ukiziba pande zote kwa utepe, siku mbili. Ukikuta matone upande wa ukutani, usipake chochote.

Chokaa mpya nayo huharibu mafuta. Ikiwa bado kali, hugeuza rangi ya mafuta kuwa kitu laini kama sabuni, na dhahabu huteleza juu yake. Ipewe miezi, si wiki. Ushauri wangu kwa ukuta wenye historia ya unyevu ni kuacha kabisa kuandika ukutani: tengeneza ubao wa mbao au bamba la jiwe, uutundike mbele ya ukuta. Ukiona ufa mpana, ukuta uliotoka tumbo au boriti iliyolegea, ondoka chini yake na umwite mhandisi. Hakuna aliyesahau Beit al-Ajaib ya Unguja, jengo la mwaka 1883, lilivyoporomoka upande mmoja Desemba 2020.

"Herufi za chuma zinatoa kutu kupitia dhahabu"

Dhahabu haikingi chuma. Inakiharakishia kutu popote penye kitundu, kwa kuwa metali hizi mbili zikikutana na maji ya chumvi, ile dhaifu ndiyo huliwa. Kiraka juu ya kutu hakidumu masika moja. Herufi zishushwe, zisafishwe hadi chuma king'ae, zipakwe praima ya zinki, kisha rangi mara mbili, ndipo gundi. Za shaba hutoa ukijani kwa njia hiyo hiyo na hutaka praima yake.

"Imeisha mahali pamoja tu"

Simama barazani wakati wa mvua utazame. Karibu kila mara kuna tone linaloangukia pale pale, tawi la mwarobaini, au mlinzi anayefuta kibao kila Ijumaa kwa nia njema. Ondoa kisababishi kwanza.

Pa kuachia kazi

Rangi ya zamani iliyo nyeupe, nyekundu au ya njano kwenye kibao cha zama za ukoloni uichukulie kuwa ina madini ya risasi mpaka ipimwe. Usiipige msasa mkavu, usiichome kwa moto, na watoto wasiwepo karibu. Kama eneo linazidi kiraka kidogo kinachoweza kulainishwa kwa maji, mpe mwenye vifaa na barakoa zinazofaa.

Ukikwangua tabaka la juu ukakuta dhahabu nyingine chini, usiendelee. Hayo yanaweza kuwa maandishi ya kwanza ya jengo, na mtaalamu wa uhifadhi ana njia za kuyafichua ambazo skrepa haina. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulio kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000, kazi ya nje hupitia Mamlaka ya Uhifadhi kabla ya brashi kuguswa. Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, waulize ofisi za uhifadhi zilizo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Peleka zile picha na michoro uliyonakili mwanzo, kwa sababu hizo ndizo watakazoziulizia.

Na nyaya za umeme zinazopita mbele ya ubao, kama ilivyo kwenye vichochoro vingi: shirika la umeme lizikate au lizifunike kwanza. Ngazi ya bati na brashi yenye maji havina nafasi hapo.